Maswali ya Wasomaji: Kutenga Seli kwenye Mashine ya Wote

Barua za safari hii zinahusu mashine za saitometria ya mtiririko katika maabara zinazotumiwa na watu wengi. Mashine ya kusomea hupitisha seli mojamoja mbele ya leza, ikapima mwanga unaotawanyika na mwanga wa rangi zilizopakwa. Mashine ya kutengea hufanya hayo kisha ikaongeza kazi: hukata mtiririko unaotoka kwenye nozeli (tundu lake jembamba) kuwa matone, hulitia chaji ya umeme tone lililobeba seli inayotakiwa, na kulivuta pembeni hadi litue kwenye tyubu. Wazo la kulitia tone chaji lilitoka kwenye mashine za kuchapa kwa wino alizobuni Richard Sweet, na mwaka 1965 Mack Fulwyler wa maabara ya Los Alamos, Marekani, akalitumia kutenga seli.

Swali: *Ndugu wahariri, nilipangiwa saa tatu za kutenga seli za uvimbe wa panya. Nozeli iliziba mara tatu, na karibu saa mbili zikaishia kwenye kuizibua. Mwendeshaji wa mashine anasema sampuli yangu ilikuwa chafu, ilhali niliichuja asubuhi. Nilikosea wapi?*
— Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu

Jibu: Ulikosea hapo kwenye asubuhi. Mchujo wa asubuhi huondoa mabonge ya asubuhi. Seli za uvimbe uliosagwa kwa vimeng'enya huendelea kufa hata zikiwa kwenye barafu, na kila inayopasuka humwaga DNA yake. DNA hiyo ni gundi. Huzifunga seli nzima pamoja na mabaki, na baada ya saa mbili sampuli iliyokuwa safi inakuwa na mabonge mapya.

Kabla hujaikabidhi sampuli, ishike tyubu mbele ya taa, iinamishe taratibu, kisha iangalie inaporudi wima. Sampuli nzuri huonekana kama maji yenye ukungu ulio sawa kila mahali. Ukiona nyuzi zinaelea, au kitu kinajiburuza ukutani kama ute wa yai, isifike kwenye mashine. Chovya pia ncha ya pipeti na uinyanyue polepole. Ikivuta uzi, DNA ipo.

Dawa yake ni DNase, mikrogramu 100 kwa kila mililita, kwa dakika 15 kwenye joto la kawaida la chumba. Kimeng'enya hiki hakifanyi kazi bila magnesiamu, kwa hiyo hatua hii hufanywa kwenye bafa yenye kloridi ya magnesiamu, milimola 5 kwa lita, isiyo na EDTA. Wengi huchanganya DNase na EDTA kwenye tyubu moja halafu wakalalamika kwamba DNase haikusaidia; EDTA iliinyang'anya magnesiamu yake. Baada ya dakika 15, osha seli na uzihamishie kwenye bafa ya kutengea.

Bafa hiyo ni rahisi. Kwa mililita 500, chukua mililita 10 za seramu ya ndama, mililita 1 ya EDTA yenye nguvu ya mola 0.5, na mililita 12.5 za HEPES ya mola 1, kisha jaza PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu hadi ifike 500. Hapo una seramu ya asilimia 2, EDTA ya milimola 1 na HEPES ya milimola 25. HEPES ina kazi yake humo, maana PBS peke yake haishikilii pH vizuri chini ya presha ya mashine. Seramu isizidi hapo: protini nyingi huzishikisha seli na pia hutoa mwanga wake wenyewe. Pitisha bafa yote kwenye chujio la mikromita 0.2.

Mchujo wa seli wenyewe ufanyike ukiwa umesimama kando ya mashine, kwa wavu wa mikromita 35 au 40, sampuli ikiwa tayari kupandishwa. Ukipandisha tyubu ya pili, ichuje nayo wakati huohuo. Kama kazi ni ya saa nzima au zaidi, mwombe mwendeshaji aisimamishe mashine katikati, uchuje tena.

Inafaa pia ujue zile saa mbili zilikwenda wapi. Bonge likikwama kidogo tu, mkondo hupinda badala ya kushuka wima. Matone yaliyotiwa chaji hukosa tyubu na kulowesha vyuma vya kuyavutia, ambavyo hubeba maelfu ya volti, hivyo umeme lazima uzimwe na vikaushwe. Kisha nozeli hutolewa, huogeshwa kwa mawimbi ya sauti ndani ya maji, hurudishwa, mkondo hunyooshwa, na mahali mkondo unapokatika kuwa tone hutafutwa upya. Mwisho hupimwa tena muda kati ya seli kupita kwenye leza na tone lake kukatika. Muda huo ukikosewa kwa tone moja tu, mashine itakuwa inatenga tone la jirani kwa uaminifu wote, na tyubu yako itajaa seli usizozitaka. Mwendeshaji mzuri hataruka hatua hata moja kati ya hizo, hata ukimharakisha.

Swali: *Nahitaji seli 200,000 za aina ambayo ni asilimia 0.5 tu ya sampuli yangu. Niweke nafasi ya saa ngapi?*
— Mtafiti msaidizi

Jibu: Anza na hesabu. Seli 200,000 kwa asilimia 0.5 ni seli milioni 40 za kupitisha, endapo hakuna hata moja itakayopotea. Zitapotea: nyingine zimekufa, nyingine zimeshikana mbilimbili, nyingine mashine itazikataa kwa makusudi. Panga milioni 80.

Kasi hutegemea nozeli. Nozeli ya mikromita 70 hutoa matone karibu 85,000 kwa sekunde. Ya mikromita 100, karibu 30,000. Kanuni ya kazi ni kwamba seli kwa sekunde zisizidi robo ya matone. Sababu yake ni kwamba seli hazipangi foleni, hufika kwa bahati nasibu. Zikifika kwa robo ya kasi ya matone, kila seli ina nafasi ya takriban asilimia 22 ya kukuta mwenzake ndani ya tone lilelile. Zikifika kwa nusu, nafasi hiyo hupanda hadi asilimia 39. Zikifika kwa moja ya kumi, hushuka chini ya asilimia 10. Ukichagua hali ya usafi, mashine hulitupa tone lenye mgeni hata kama seli yako imo. Kuongeza kasi kupita kiasi kwa hiyo ni kuzitupa zilezile seli adimu ulizozifuata, na tunaona hili likiwaumiza watu kuliko kosa lolote jingine.

Kwa nozeli ya 70, tembea kwa seli 15,000 kwa sekunde: milioni 80 zitachukua kama dakika 90. Kwa nozeli ya 100, kwa seli 6,000 kwa sekunde, ni saa tatu na dakika 40 hivi. Ongeza dakika 45 za kuandaa mashine na kontroli (tyubu za kulinganishia), na dakika 30 za usafi.

Ila usichague nozeli kwa ajili ya saa. Kipenyo cha nozeli kiwe angalau mara tano ya kipenyo cha seli. Limfosaiti za mikromita 7 hadi 10 hupita vizuri kwenye ile ya 70. Makrofeji, seli za uvimbe na seli nyingi zinazooteshwa maabara zinataka ya 100 au ya 130. Nozeli ndogo hufanya kazi kwa presha kubwa, karibu psi 70, ilhali ile ya 100 hutumia karibu psi 20, na seli kubwa haivumilii msukosuko huo.

Kwa sampuli kama yako ushauri wetu ni kutumia sumaku kwanza. Zifunge seli usizozitaka kwa kingamwili zenye chembe za sumaku, uziache kwenye mrija wa sumaku, upeleke zilizobaki kwenye mashine. Ukiondoa asilimia 90 ya zisizohitajika, milioni 80 zinakuwa kama milioni 8, na hata kwa nozeli ya 100 utamaliza ndani ya nusu saa. Zilete zikiwa milioni 5 hadi 10 kwa mililita kwa nozeli ya 100, au milioni 10 hadi 20 kwa ile ya 70. Sampuli iliyo nyepesi mno humlazimisha mwendeshaji kuongeza presha ya sampuli, mkondo wa ndani ukanenepa, na vipimo vikatawanyika.

Swali: *Natumia rangi sita pamoja na rangi ya kutambua seli zilizokufa. Maabara inadai nilete tyubu nyingi za kontroli. Je, zote ni za lazima, au naweza kutumia zile nilizorekodi mwezi uliopita?*
— Mwalimu wa chuo

Jibu: Za mwezi uliopita ziache. Leza husogea kidogo na mipangilio hubadilika, na rangi zenyewe huzeeka.

Kwa paneli yako unahitaji tyubu nane: moja isiyopakwa chochote, sita zenye rangi mojamoja, na moja yenye rangi ya seli zilizokufa peke yake. Hizo ndizo zinazoiwezesha programu kukokotoa kompensesheni, yaani kuondoa mwanga wa rangi moja unaovujia kwenye chaneli ya nyingine. Kontroli lazima ing'ae sawa na sampuli au kuizidi. Iwe ni rangi ileile hasa: kontroli ya FITC haiwezi kusimama badala ya GFP, ingawa zote ni za kijani. Kundi lake linalong'aa na lile lisilong'aa viwe vya aina moja ya seli. Ukitumia shanga za plastiki kwa linalong'aa, basi na lisilong'aa liwe shanga. Rekodi angalau matukio 5,000 kwenye kundi linalong'aa; tukio ni kila kitu ambacho mashine imekihesabu kikipita kwenye leza.

Rangi za kuunganishwa kama PE-Cy7 zinataka uangalifu wa peke yake. Hutengenezwa kwa kuunganisha rangi mbili ili ya kwanza iipe ya pili nishati. Mwanga na uhifadhi wa seli kwa formaldehaidi huvunja muungano huo, na iliyovunjika huanza kung'aa kama PE ya kawaida. Kwa sababu hiyo kontroli yake itoke kwenye chupa ileile ya kingamwili uliyotumia kwenye sampuli, na ipitie hatua zilezile kwa muda uleule.

Kontroli ya seli zilizokufa huwashinda wengi kwa sababu seli zao ni nzima mno, hakuna kinachong'aa. Chukua nusu ya seli, zipashe moto kwa nyuzi joto 65 kwa dakika 5, zipoze kwenye barafu, zichanganye na nusu iliyo hai, ndipo utie rangi. Na angalia rangi zinazogombana: DAPI huingilia BV421, propidiamu ayodaidi huingilia PE, na 7-AAD huingilia PE-Cy5.

Tyubu ambazo ni nzuri kuwa nazo ni zile zenye rangi zote kasoro moja. Hizi hukuonyesha mahali pa kuchora geti, yaani mpaka wa kuchagulia seli kwenye grafu, kwa alama ambayo haigawanyiki wazi kati ya seli zilizonayo na zisizonayo. Kwa alama kama CD3, ambayo makundi yake husimama mbalimbali kabisa, unaweza kuziacha. Ukishaanza kurekodi kontroli, volteji za vipokezi zisiguswe tena. Ukigusa hata moja, rudia zote.

Swali: *Damu ninayotumia ni ya watu wanaoonekana wazima. Je, ni lazima nitaje chanzo chake kwenye fomu?*

Jibu: Ndiyo, kila mara, na hata seli zilizotiwa virusi vya kubebea jeni zitajwe. Mashine ya kutengea hurusha matone kwa presha. Nozeli ikiziba kidogo, mkondo hugonga ukingo na kutawanyika kuwa ukungu mwembamba unaoweza kuvutwa puani. Muonekano wa mtu hauonyeshi kama ana virusi vya homa ya ini. Mwendeshaji akijua, ataiweka kazi ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia, atawasha kifyonza hewa, atavaa barakoa ya N95, na nozeli ikiziba atasubiri hewa isafishwe kabla ya kufungua chumba cha matone. Usipomwambia, yeye ndiye anayeuvuta ukungu huo.

Swali: *Nilipandisha tyubu ya maji matupu kwenye mashine ya kusomea, nikaona matukio zaidi ya 200 kwa sekunde, mengine yakiwa mekundu kabisa. Aliyenitangulia alikuwa ameshaondoka. Nifanye nini?*
— Msomaji wa muda mrefu

Jibu: Kwanza badilisha maji na tyubu, chupa ya maji iliyokaa wazi huota bakteria, na tyubu iliyotumika hubaki na seli. Tumia maji yaliyochujwa kwa mikromita 0.2. Kisha tazama kizingiti cha mtawanyo wa mbele, yaani kiwango cha chini cha mwanga unaotawanyika mbele ambacho mashine hukihesabu kuwa tukio. Kama aliyekutangulia alikuwa anapima bakteria au chembe ndogo, huenda alikishusha, na sasa mashine inahesabu vumbi na kelele za umeme.

Kama bado matukio yanakuja na mengi yako kwenye chaneli nyekundu, mrija wa sampuli umeshika rangi. Propidiamu ayodaidi na akridini ya chungwa hunata kwenye plastiki ya mrija na huachia kidogokidogo, zikapaka seli zako zilizo hai. Pandisha tyubu ya klorini, sehemu 1 ya dawa ya kufulia kwa sehemu 9 za maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo. Ipitishe kwa kasi ya juu dakika 5. Ifuate sabuni ya mashine dakika 5, halafu maji dakika 5. Hatua ya maji usiipunguze, kwa sababu klorini iliyobaki huua seli na kuzima rangi. Mwisho pandisha tyubu mpya ya maji na usome: matukio yawe machache tu kwa sekunde.

Andika ulichokiona kwenye daftari la mashine, pamoja na idadi na chaneli, hata kama umeshasafisha. Hapo hushtaki mtu. Kuna mwenzako aliyepima kabla yako ambaye huenda data yake nayo imechafuka, na bila maandishi yako hatajua. Na wewe unapomaliza, fanya usafi huohuo, uache tyubu yenye maji yasiyozidi mililita 1. Kwenye mashine nyingi, ikijaa sana, maji yanayorudi kinyume huifurisha tyubu na kumwagikia mashine.

Swali: *Mashine iliandika seli 500,000. Nilipohesabu kwa hadubini nilipata 290,000, na theluthi moja zimekufa. Je, mashine inadanganya?*
— Mtafiti, maabara ya kingamaradhi

Jibu: Mashine huhesabu mara ilizoamua kutenga. Haina jicho ndani ya tyubu yako. Tone linaweza kugonga ukuta na kukauka hapo, au kudunda na kutoka nje. Nyingine hupotea ukizungusha kwenye sentrifuji na kumwaga maji. Kupata pungufu ni kawaida. Ila pungufu kubwa kama hiyo, ikifuatana na vifo, hutuelekeza kwenye tyubu ya kupokelea.

Piga hesabu ya ujazo. Kwa nozeli ya mikromita 100 kila tone ni takriban nanolita 3, hivyo matone 500,000 ni mililita 1.5 ya maji ya chumvi. Kama uliweka mikrolita 300 za chakula cha seli, umekizimua mara sita, na seli zimekaa saa nzima karibu bila protini. Na kama tyubu ilikuwa ya mililita 1.5, ilifurika.

Tumia tyubu ya mililita 5 na uitie seramu kwa saa moja kabla, ukiizungusha ilowe hadi karibu na mdomo. Imwage, kisha tia mililita 1 ya chakula chenye seramu asilimia 20 na HEPES. Weka kishikio kwenye nyuzi joto 4. Kila dakika 15 hivi mwombe mwendeshaji asimamishe, funika tyubu, igeuze taratibu ili matone yaliyo ukutani yaungane na wenzake. Baada ya kazi, suuza kuta kwa chakula kingine kidogo na uzungushe kwa nguvu ya g 400 kwa dakika 10, si 5, kwa kuwa seli chache haziketi upesi. Kama vifo vinaendelea, nenda kwenye nozeli kubwa zaidi kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Omba pia usafi upimwe: seli 500 hivi kati ya ulizotenga zirudishwe kwenye mashine baada ya mrija kuoshwa. Zikionekana safi asilimia 98 lakini chache, tatizo ni upokeaji. Zikionekana chafu, tatizo ni geti lako, seli zilizoshikana, au ule muda wa tone.

Swali: *Nataka seli moja katika kila kisima cha sahani ya visima 96 kwa ajili ya kusoma RNA. Nitajuaje kwamba zimeingia kweli?*

Jibu: Kwanza hakikisha tone linaangukia katikati ya kisima. Funika sahani tupu kwa karatasi ya plastiki inayonata, mwombe mwendeshaji atupe shanga 50 kwenye kila nafasi, kisha iangalie kwa kuinamisha: kila tone likae katikati ya duara lake, hasa kwenye visima vinne vya kwenye kona, maana sahani iliyopinda kidogo huonekana huko kwanza. Kipimo kikali zaidi ni kutenga shanga zilizochovywa kwenye kimeng'enya cha peroksidasi, moja kwa kila kisima chenye TMB, kemikali inayobadilishwa rangi na kimeng'enya hicho. Kisima kilichopata tone hugeuka buluu.

Chagua hali ya seli moja, ambayo hulikataa tone kama seli imekaa karibu na ukingo wake, na uwashe rekodi ya kila kisima ili baadaye ujue seli ya kisima fulani iling'aa kiasi gani. Acha visima viwili vitupu na viwili vyenye seli 50. Geti la kutenganisha seli zilizoshikana lichorwe kwa eneo dhidi ya kimo cha ishara ya mtawanyo wa mbele, na liwe jembamba kuliko ulivyozoea.

Sahani ikijaa, ifunike hapohapo, izungushe dakika 1 kwenye sentrifuji yenye ubaridi ili tone lililokwama ukutani lishuke ndani ya bafa ya kupasulia seli, kisha iweke kwenye barafu kavu. Usisubiri sahani ya pili iishe ndipo uzipeleke pamoja. Tone moja ni dogo sana, na dakika kumi mezani zinatosha kulikausha.